Chale za Baba

Chennai, India
Jumanne

Kaka Eliufoo,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Natumaini wewe, wifi Koleta na watoto hamjambo, na mvua hizi ninazozisikia hazijaozesha tangawizi. Mimi ni mzima. Mama analalamika kwamba huku hata uji una pilipili, kwa hiyo ujue bado ni yule yule.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu hapo nyumbani simu ikilia inawekwa spika, na baba anasogeza kiti. Haya yasome peke yako. Bi Saada wa Kisiwani, aliyemleta mwanawe kutibiwa moyo, anatangulia kurudi, ndiye atakayekukabidhi.

Unakumbuka kilichotuleta. Dawa ilikuwa haipenyi kwenye uvimbe wa ini la mama. Inapita na damu na kuuacha. Hapa wana mashine ya mawimbi ya sauti, kama yale ya kupimia wajawazito ila yana nguvu zaidi. Wanayaelekeza sehemu moja, nyama inalegea, dawa inaingia. Hakuna kisu.

Mama alipovua blauzi, daktari aliinama kutazama. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palijaa chale, makovu mapya yaliyovimba na masizi ndani yake. Alieleza kwa upole kwamba mawimbi yakikuta makovu hukwama hapo na kuunguza ngozi. Walimlaza kila ubavu wakitafuta njia nyingine ya kulifikia ini. Leo wamesema hawawezi. Hatuna tiba nyingine iliyobaki, kaka. Nimelia mpaka muuguzi akaniletea maji.

Nilimuuliza mama kwa hasira ni mganga gani huyo. Akasema hakuna mganga. Ni baba, kwa wembe mpya, wiki chache kabla hatujasafiri. Mizizi aliyoichoma na kuipaka humo aliifuata mwenyewe msitu wa Shengena, na goti lake lile bovu.

Na aliyemtia wazo hilo ni mimi. Nilimweleza kwenye simu, kwa kujidai, kwamba mashine inafungua milango midogo mwilini ili dawa ipite. Alifurahi sana, akasema mbona hilo hata babu alilijua. Nikacheka, nikamwambia ndiyo baba, ni hilo hilo. Basi akaona awarahisishie madaktari kazi. Laiti ningefunga mdomo wangu!

Nilitaka baba aambiwe ukweli, ila mama amekataa katakata. Anasema kila baba alipochanja alimwomba radhi.

Tutashuka uwanja wa ndege wa KIA Jumamosi. Utusubiri na gari stendi ya Same, mama hataweza kupanda mlima kwa basi. Baba akikuuliza, mama anataka umjibu kwamba madaktari walikuta milango iko wazi.

Wasalimie wote hapo Bombo. Baba mpe shikamoo yangu, na usimwambie kingine.

Mdogo wako akupendaye,
Blandina