Programu Inayotaja Majina

Jumamosi. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya kuvaa sweta juu ya sweta na bado meno yanagongana. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Nimerudi nyumbani Sekei, nimefunga mlango, na sijui hata nimekula nini.

Nianze mwanzo. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo mzima, eti kwa sababu nafanya kazi kwenye stesheneri pale Elerai, nachapa na kutoa fotokopi. Kwetu ukijua kubadilisha wino umeshakuwa injinia. Kwa hiyo mama mkubwa, dada yake mama, aliponunuliwa kompyuta mpya na binti yake, nikaitwa mimi niende Ngaramtoni nikamchagulie programu ya barua pepe.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na chai juu. Lakini mama mkubwa macho yamekwisha. Ni presha ya macho. Anaona mwanga na vivuli tu. Na yeye ndiye katibu wa akina mama pale usharikani, marafiki zao wa Ulaya wanamwandikia kila mara, na hataki kusomewa na mtu. Mwalimu mstaafu yule, kusomewa kwake ni sawa na kulishwa uji. Anataka programu inayosoma yenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili.

Na isitaje jina la mwanawe.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwetu Waarusha, kwenye familia kama yetu, mtu akishafariki jina lake halitamkwi tena nyumbani kwake. Mchungaji alilitaja kaburini, tukaimba, tukafukia, basi. Limeandikwa msalabani kule nyuma ya migomba, ila kuandikwa ni kitu kingine. Yupo mtoto wa jirani mwenye jina hilohilo; akiingia pale kucheza anaitwa Baraka, na mwenyewe ameshazoea kuitika. Tumesoma, tunasali, lakini hilo hatujalilegeza, na baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, ndiye mkali kuliko wote. Kuna mgeni aliwahi kuteleza akalisema mezani. Baba mkubwa aliacha chakula chake akaenda zizini, hakurudi mpaka mgeni alipoaga.

Huyo marehemu alikuwa kaka yangu, maana mtoto wa mama mkubwa ni kaka tu. Alikuwa dereva wa watalii. Yeye ndiye aliyemfungulia mama yake barua pepe. Kule porini simu zilikuwa hazishiki, ila kwenye kambi kulikuwa na intaneti, basi kila akifika alimwandikia mstari mmoja. Kila safari, bila kukosa. Na ajali haikumpata hata huko porini. Ilimpata hapa hapa mjini, siku yake ya mapumziko, akivuka barabara Kwa Mrombo.

Zile barua zake nilijua bado zimo, ila nilidhani zimezama chini kabisa, hazitafikiwa.

Programu ya kwanza, ile iliyokuja na kompyuta, ilisoma Kiswahili kama mzungu wa siku ya kwanza. Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Ya pili ilisoma vizuri, ila inasoma barua tu, haisemi imetoka kwa nani. Nikasema moyoni, hii ndiyo yenyewe. Mama mkubwa akakataa. "Nitajuaje nani kaniandikia, mwanangu? Nibahatishe?" Nikapakua ya tatu.

Hiyo ya tatu ina sauti ya mwanamke, Kiswahili safi, taratibu. Sikujua kwamba ina tabia ya kuwaweka juu kabisa watu uliowahi kuandikiana nao sana. Nikabonyeza isome. Ikasema "Kutoka kwa," halafu ikalitaja. Jina lake lote, na la baba yake. Kisha ikaendelea: "Yeyo, nimefika salama."

Yeyo ni mama. Ndivyo alivyokuwa anamwita.

Jamani, mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Sauti wala si yake, ni ya mwanamke asiyemjua yeyote, lakini nilihisi kabisa kuna mtu ameingia mle chumbani. Nikakimbilia kitufe cha kunyamazisha, nikakikosa, ikasoma ya pili. Jina tena. "Yeyo, nimefika salama." Mwishowe nikafanikiwa kuinyamazisha. Nikaanza kuomba radhi, nikamwambia kuna mahali pameandikwa futa, namfuta sasa hivi, hutamsikia tena.

Niseme bila kujificha. Nilitaka kumfuta kwa ajili yangu. Nilijidai ni mila, ni heshima, ni baba mkubwa asije akasikia. Uongo mtupu. Tangu tumzike nimekuwa nikisema "yule" na "marehemu", nikajizoeza mpaka nikaona nimepona, na sasa mashine moja imenirudisha pale pale kaburini. Nilikuwa nimeshaupeleka mshale juu ya neno futa.

Mama mkubwa akanishika mkono. Hakulia. Alisema polepole, kama anamfafanulia mtoto wa darasa la kwanza:

"Mimi sijalitaja. Na wewe hujalitaja. Imesema kompyuta." Kisha akasema, "Irudie."

Nikainua macho, na mlangoni alikuwa amesimama baba mkubwa, buti za matope miguuni, ndoo ya maziwa mkononi. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Nikatoa shikamoo, hakuitikia. Nikangoja ile ndoo iruke, haki ya Mungu, au ageuke aende zizini kama siku ya yule mgeni. Mama mkubwa alijua yupo, alimsikia anavyohema, na mkono wangu hakuuachia.

Nikabonyeza.

Jina, nimefika salama. Jina, nimefika salama. Ilizisoma moja baada ya nyingine, Serengeti, Tarangire, Manyara, na hakuna aliyesema basi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia kaka yangu akitajwa nyumbani kwao, na nyumba haikuanguka. Baba mkubwa aliiweka ndoo chini, akavua kofia. Kisha akaniuliza mimi, si mkewe, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Ya siku ile ipo?"

Nilitamani sana kumdanganya. Nikamwambia hapana, baba, siku ile hakusafiri, hakuandika. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo na bado ilibidi aulize. Akavuta kigoda, akaketi karibu na kompyuta, akasema basi, tusikilize hizo zilizopo.

Niliwaacha wawili hao wanasikiliza. Programu ni hiyo ya tatu, wameipokea.

Mimi hapa nimejaribu kulitamka jina lake, peke yangu, kwa sauti. Mdomo umefunguka, jina halikutoka. Kesho nitajaribu tena.