Chumvi Ambayo Hukuitaja

Likombe, Mtwara
Machi 1978

Mdogo wangu Kasiani,

Salamu zako zimefika, na shati la Baba limemkaa vizuri. Binti wa jirani yetu Mastura ameolewa Mikindani.

Uliandika kwa fahari kwamba kompyuta ya ofisini kwenu huko Dar hukadiria mavuno ya vijiji vyote kwa mkupuo mmoja, bila mtu kukaa nayo. Basi sikia. Bwana shamba aliyaleta majibu yake kijijini kwetu, kule kando ya Ruvuma: tulime mahindi, mihogo ing'olewe, matuta yasawazishwe.

Mama akamwambia, "Mwanangu, bamvua likija na bahari ikajaa kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda na mto Ruvuma mpaka hapa. Matuta haya ndiyo yanayotuokoa."

"Mama, kompyuta haikosei."

Mama akaketi katikati ya mihogo yake, akakataa kuondoka. Mgambo wakamburuta mpaka mkono ukavunjika. Matuta yakasawazishwa, mahindi yakapandwa. Kisha bamvua likaja, na mahindi yote yakaungua kwa chumvi. Sasa wanakijiji wanachimba ming'oko, mizizi ya njaa, porini.

Kompyuta haikuzaliwa kijijini kwetu, Kasiani. Wewe umezaliwa pale. Kwa nini hukuwaambia habari za chumvi?

Mama amesema nikuandikie kwamba amekusamehe. Nimeandika. Mimi sijakusamehe.

Dada yako,
Skolastika