Yaya Salome, Tume Ilikuja

Yaya Salome,

Tume ilikuja. Ile uliyokuwa ukiiulizia hata ulipolazwa hospitali, ukikohoa na huku unauliza, "Wametangaza siku?" Walitangaza siku wewe ukiwa umeshazikwa. Mimi Godeliva wako, niliyekuita yaya kwa kuwa ulikuwa dada yangu mkubwa ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, uliyezoea kunisukuma mbele kila palipotakiwa mtu wa kusema, nilibaki sina wa kunisukuma.

Nakuandikia kwa sababu mama yako aliniomba nimweleze yote, nikamweleza, akalia, kisha akasema, "Mwambie na mwenyewe." Basi nakwambia.

Unakumbuka tulikotoka. Nyumba ya masista, wewe na magongo yako mawili, mimi na mguu wangu uliokaushwa na polio. Tulifundishwa kusuka vikapu, na vikapu vikajaa stoo mpaka panya wakazaliana humo. Waliotutangulia walikuwa wamezeeka palepale wakisuka. Siku moja uliweka kikapu chini kabla hakijaisha, ukasema, "Mi sitazeekea hapa." Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kumbe kesho yake ulikwenda Rohero, kwenye ofisi za wizara, na keshokutwa yake ukarudi tena. Wabelgiji walikuwa wameondoka, ofisi zilikuwa na watu wetu, na wewe ulisema kama ni watu wetu basi watusikie. Karani alipokuuliza utafanya kazi gani na miguu ile, ulimjibu, "Mi naomba kazi ya mikono, we unaniuliza miguu." Ulinisimulia ukicheka, lakini kwapa zako zilikuwa zimechubuka kwa yale magongo.

Ndiyo ikapatikana ile ruhusa ya majaribio. Vijana sita, kazi za kawaida pamoja na watu wa kawaida, na baada ya muda tume ije iangalie. Ikiona ni vizuri, mlango ufunguliwe kwa wengine. Ikiona ni vibaya, turudi kwenye vikapu. Wewe ukapata kazi ya kupiga taipu, mimi nikapelekwa kwenye ateliye, karakana ya kushona mashati, Hilari na Ponsiani kiwanda cha kuchapa, na wale wawili kiwanda cha sabuni.

Baada ya wewe kufa, Hilari aliacha kazi. Patroni wake, mwenye kiwanda, alisema kijana ni mvivu, amejiondokea mwenyewe. Nilikwenda kumwona kwao Gasenyi. Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya dada yake, mkono umefungwa kitambaa. Mashine za kuchapa ziko chini, lakini herufi za risasi zinawekwa juu, na kila saa alitumwa kupanda na kushuka ngazi na trei mikononi, yeye mwenye mguu wa chuma. Alianguka. Herufi zikamwagika, wakamcheka, wakamsema mpaka akaondoka, bila mtu kumfukuza rasmi. Nikamwambia tume inakuja, atasema? Akatikisa kichwa. "Apana, Godeliva. Na we usiniseme. Wataona walemavu wote ni kama mi."

Nilirudi na maneno hayo kifuani. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Jumapili kabla ya tume, Sista Beata alitukusanya baada ya misa. Unamjua, anatupenda, na anapoogopa anapangusa miwani. Siku ile aliipangusa mpaka nikadhani itavunjika. Akasema, "Wanangu, musema tu muko vizuri. Mutu akiongeza neno moja, watafunga. Sitaki mulie mbele yangu tena." Ponsiani akaitikia kwa haraka, maana ana mke na mtoto mchanga. Wale wawili wa sabuni wakaitikia. Wakanitazama. Nikasema, "Ndiyo, Sista."

Na nilikusudia hivyo, yaya. Kwa mshahara wangu mama anakula na wadogo zangu wanakwenda shule. Kweli nilikusudia.

Tume ilikutana kwenye ateliye yetu kwa sababu ndiyo yenye nafasi. Walikuja mabwana watatu, mkubwa wao anaitwa Nestori, mtu mrefu wa sauti ya chini. Mapatroni walikuwa wamekaa viti vya mbele, sisi na Sista Beata nyuma ukutani, cherehani zimenyamaza. Bwana Nestori akaanza na mapatroni. Wa kwetu akasema Godeliva anashona vizuri, hana neno, "hata kunywa maji hanywi, anafanya kazi tu." Watu wakacheka kwa wema.



Wewe peke yako ulijua kwa nini sinywi maji. Choo cha pale kiko nyuma ya mfereji, unavukia juu ya mawe, na mimi mawe yale siyawezi. Nilianguka mara moja na kutoka hapo nikaacha kunywa tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikwambia wewe nikiwa nimejifunika uso, hata mama hakujua. Na sasa ile shida yangu ilikuwa imegeuzwa sifa, inasemwa mbele ya watu kama ushahidi kwamba mambo yanakwenda.

Bwana Nestori akatugeukia. Hakukaa sana kwetu. Akauliza, "Na nyinyi, muko vizuri?" Ponsiani akasema, "Tuko vizuri, bwana." Wa sabuni wakasema hivyo. Akafunga mkoba. Nilimwona akifunga mkoba, yaya, nikawaona wale wasichana na wavulana wa nyumba ya masista watakaoletwa baada yetu, wakivuka mawe yale, wakipanda ngazi zile, na wakianguka wanaambiwa ni wavivu.

Nikasimama. Sista Beata akanishika nguo. Nikasema, "Bwana, mi sinywi maji kwa sababu siwezi kufika chooni."

Wanaume wote wale, na mimi nasema choo. Uso wote uliniwaka moto. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikaeleza mfereji na mawe. Nikasema kazi naiweza na naipenda, nisirudishwe kwenye vikapu, lakini wasiandike kwamba tuko vizuri bila kuona tunavyoishi humo. Patroni akaingilia, "We mutoto, nilikupa kazi, leo unanishitaki kwa serikali?" Nikamjibu, "Apana, patroni. Naomba tu njia."

Bwana Nestori akaufungua tena mkoba, sikujua ni kwa hasira au nini. Akauliza, "Kuna kingine?"

Hilari alikuwa ameniomba nisimseme. Nikasema tu, "Tulikuwa sita. Mmoja tumemzika. Mumeuliza waliobaki. Aliyeondoka hakuna aliyemuuliza." Akataka jina. Nikakataa. Nikasema kama anaruhusu, nitakwenda kumwomba mwenyewe. Patroni wa kiwanda cha kuchapa akawa ananitolea macho kama mtu aliyekanyagwa. Mkutano ukaisha bila mtu kuaga mtu.

Njiani Sista Beata hakusema nami. Ponsiani alinipita bila kugeuka. Nilikwenda moja kwa moja Gasenyi, nikamweleza Hilari nilichosema na nisichosema. Kisha akauliza, "Ulisema choo mbele ya mapatroni?" Nikasema ndiyo. Akajishika kichwa, akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka dada yake akatoka kuangalia. Kesho yake alikwenda Rohero mwenyewe, na ule mguu wa chuma. Bwana Nestori alimpokea, wakaenda pamoja kuziona ngazi.

Baada ya hapo zilikuja wiki za kungojea, na simtakii hata adui yako wiki kama zile. Patroni alinipa kola tu za kushona, hakunisemesha. Wenzangu waliogopa kukaa karibu nami wakati wa chakula. Kila gari la serikali lililosimama nje, moyo wangu uliruka. Mama alikuwa ananiangalia nikila na hasemi kitu, na kule kutosema kwake kulinichoma kuliko matusi.

Jibu likaja. Hawakufunga, yaya. Majaribio yanaendelea, na vijana wengine wataingizwa. Lakini kabla kijana hajapelekwa mahali, mtu wa wizara aende akaone mlango, ngazi na choo, na kijana akiacha kazi aulizwe mwenyewe, asisemewe na patroni. Kwetu zimewekwa mbao juu ya mfereji, na kamba ya kushikia. Nakunywa maji sasa. Patroni bado hacheki nami, lakini kola zimekwisha, narudi kwenye mashati mazima. Hilari amepata kazi ya kupanga barua posta, ofisi ya chini.

Ningependa nikuachie hapo, lakini wewe hukupenda habari iliyokatwa nusu. Patroni wa kiwanda cha kuchapa alikasirika akajitoa. Alisema hataki mtu wa kuja kupima ngazi zake. Ponsiani akaondolewa siku hiyohiyo, naye hakuwa amesema neno lolote baya. Mke wake alikuja kwetu na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, akaniambia, "Godeliva, we unakunywa maji, sisi tutakula nini?" Nilimpa unga tuliokuwa nao akaupokea bila kunitazama. Nimejiuliza kama wewe ungesema tofauti. Nadhani ungesema yaleyale, halafu ungekwenda kukaa na Ponsiani mpaka akubali kukusemesha. Nimekwenda kwake. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili alitoka, akakaa mbali. Nitarudi.

Yaya, sijui kusema kwaheri vizuri. Hospitali sikukuaga kwa sababu niliogopa ungejua kwamba najua hutapona. Sasa nakuaga. Pumzika. Mama yako tunamwangalia. Amehamia chumba cha nyuma kwetu na anagombana na mama juu ya chumvi, kwa hiyo jua kwamba ana nguvu.

Na nakuahidi hili. Kesho nimeomba ruhusa, naingia Rohero kuulizia kazi ya Ponsiani, mlango kwa mlango. Naogopa makarani, wewe unajua. Nitasimama hivyohivyo na woga wangu mpaka mmoja aniulize nimekuja kumtafutia nani kazi, nami nitalitaja jina la Ponsiani.

Mdogo wako,
Godeliva