Landrova ya Marehemu Haizimi

Alteneta nilifunga mwenyewe, mpendwa mshauri, hilo ndilo jibu la swali lako la gazeti lililopita, wala sikusaidiwa na mtu, na ule waya mwembamba unaoniuliza niliuunga moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, maana taa nyekundu ya chaji pale dashibodi ilikuwa imeungua tangu enzi za foleni za sukari, nikaona ya nini, nikaing'oa nikatupa. Sasa naomba msaada wa kweli, kwa sababu mara ile nilikuandikia mistari mitatu tu kwamba gari haizimi nikichomoa ufunguo, ya watu sikukuambia, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kuna mama atanyolewa kama mchawi kwa ajili ya mdomo wangu.

Nianzie msibani. Mimi Mbena wa Madaba, marehemu mzee Rupert, baba Otto, alikuwa Mngoni wa kule Lusewa, kwa hiyo mtani wangu halali, na unajua mtani msibani halii, kazi yake kuchekesha. Siku ya kumzika nikavaa koti lake na kofia yake, nikaweka kiko chake mdomoni, nikapanda Landrova yake, nikakohoa kama yeye, nikasema, "Nani kasema nimekufa? Nyie nendeni mkazike sanduku, mimi humu sishuki." Watu walicheka mpaka katekista akaficha uso kwenye kitabu, na mjane mwenyewe, mama Kunegunda, alicheka huku machozi yanamtoka, akanifukuza na mwiko.

Baada ya arobaini wakaniuzia hiyo Landrova. Si unajua tangu mambo yawe ruksa kila mtu anataka kufika Tunduru kwenye mawe ya thamani, na masika barabara ile inameza gari mpaka mlango, basi nikafunga winchi ya umeme, spotilaiti nne na redio, dainamo ya zamani ikashindwa, betri ikawa inakufa kila kilima, ndipo nikapata alteneta kubwa ya gari la wagonjwa lililokwisha kufa, nikaifunga kwa bolti za kitanda changu, mke wangu mpaka leo analala upande umeinama. Ikachaji mpaka raha. Ila kuanzia siku hiyo nikichomoa ufunguo injini inaendelea, mpaka nitie gia namba nne, nikanyage breki, niachie klachi, ndiyo inakubali kufa.

Mimi nikaona biashara imepata burudani. Nawarushia abiria ufunguo, nawaambia shikeni wenyewe, mzee ndiye anaendesha, si alisema hashuki? Wakacheka wiki mbili. Wiki ya tatu hawakucheka. Nikaona kiti cha mbele hakikaliwi hata gari ikijaa watu wakaning'inia nyuma, mtu akipanda anakiambia kile kiti shikamoo mzee, akina mama wanaweka pale tumbaku kidogo kwenye jani, na mimi mwenyewe kucheka kukaanza kunishinda, kwa sababu, mshauri, harufu ya tumbaku nilikuwa naisikia kabla hawajaanza kuiweka. Winchi ikivuta, au tukipanda kilima taa zote zinawaka, inakuja ile harufu kavu ya kiko chake. Na redio, kanda ikiisha, inabaki na sauti moja nyembamba, nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inashuka, kama mzee alivyokuwa anaguna nyimbo za kanisani ambazo hajui maneno yake.

Halafu ikaja Jumapili ile. Mchana kweupe, watu wametoka misa Lusewa, nimesimamisha gari, ufunguo ninao mkononi, nauzungusha kwenye kidole, injini inanguruma peke yake na watu wamekaa mbali wanaangalia. Mama Kunegunda akaja na mwavuli wake, hakuniangalia, akaweka kiganja juu ya boneti kama unavyompima mtoto homa, akasema taratibu, "Baba Otto, inatosha. Watu wanakuangalia."

Ikazima.

Mshauri, nimewahi kukimbizwa na tembo kule njia ya Tunduru, lakini kimya cha pale sijawahi kukisikia. Hata ufunguo uliacha kuzunguka. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, wala hakupaza sauti, "Kumbe anamfuga." Basi. Siku hiyo hiyo ikawa mama kamgeuza mumewe msukule, kamficha kwenye gari. Otto, mwanawe wa kumzaa, kahamisha mke na watoto wake kutoka nyumbani kwa mama. Kisimani wanamwachia nafasi, akimaliza kuchota ndiyo wanasogea. Na mganga ameitwa, atakuja Jumamosi hiyo na wembe wake, na wote tunajua mtu akishanyolewa mbele ya kijiji nywele zinaota ila jina halioti, atahama au atakufa na njaa.

Nikamfuata nimwambie ni mzaha wangu tu. Kabla sijafungua mdomo akanikaribisha kiti, akaniuliza, "Mtani, kweli yumo? Kama yumo, usiwe unamzima haraka." Nikanywa uji wake nikaondoka. Nikisema ni waya, watauliza kwa nini nilikaa miezi miwili nawatania na maiti, watanipiga, na abiria nitawasahau. Na nikisema ni waya, mshauri, mimi mwenyewe sina uhakika.

Kwa hiyo tufanye hivi: wewe andika gazetini kwamba ni umeme tu, jina langu usilitaje, wakisoma watamwachia mama, na mimi nakupeleka Tunduru bure, kiti cha mbele.

Mimi mtani wenu, dereva.

FUNDI BARTOLOMEO ANAJIBU

Kaa chini, mtani. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili nikajikuta nimewasha taa ya karakana saa sita mchana.

Tuanze na gari, ndiyo nyepesi. Ile taa nyekundu uliyoitupa ilikuwa inazuia. Ukiunga waya mtupu mahali pake, alteneta ikishaamka inarudisha umeme kwa njia hiyo hiyo mpaka kwenye swichi, unapita unaingia kwenye koili inayotoa cheche, na koili haijui kwamba ufunguo uko kwenye kidole chako. Injini inajilisha yenyewe. Mguno wa redio ni erthi mbovu, na bolti za kitanda zina rangi, kwangua rangi na uongeze waya wa erthi. Harufu ndiyo iliyonitisha. Waya mkubwa wa Landrova za zamani umevikwa kitambaa, uliwekwa kwa ajili ya dainamo ndogo, na wewe unaupitishia mara tatu yake. Kinachonuka ni hicho kitambaa kinaungua, umekaa juu ya tangi la petroli na watu kumi na wanne. Leo, siyo kesho, badilisha, weka waya mnene kama kidole chako kidogo.

Kuhusu kuzima: injini inayojilisha hivyo, ikinguruma polepole mno alteneta inachoka, cheche zinakatika, inakufa. Kwa nini ilichoka dakika ile ile mama alipoweka kiganja, hilo sina spana yake, na sitajifanya ninayo.

Sasa wewe. Kumchekesha mfiwa ni haki yako, ulipewa na babu zako. Lakini utani wa msibani unaishia msibani. Wewe umeubeba ukaufanyia nauli, na mzigo umemwangukia mjane. Ule waya mwembamba usiuguse kwanza. Ukiutengeneza kimyakimya watasema mganga ameshinda kabla hajafika. Ijumaa nenda kwa mama Kunegunda peke yako, umwambie ukweli bila kuchekesha. Alikuuliza swali la mjane, umemlipa kwa kunywa uji wake. Atalia, mwache alie, usikimbie. Jumamosi, wembe haujafunguliwa, peleka gari uwanjani, washa, mpe Otto ufunguo aushike, fungua boneti watu wote waone, mama akae mbali kabisa. Chomoa waya huo mbele yao. Kisha useme kwa mdomo ule ule: niliyemwita mzee humu garini ni mimi.

Hilo la kuandika bila jina lako silitaki, na Tunduru nina nauli yangu. Chukua dili langu. Jumamosi hiyo nakuja Lusewa na basi, na wembe mpya mfukoni. Ukichomoa waya na injini ikaendelea, ninakaa mimi kwenye kigoda, mganga aninyoe mbele ya kijiji, kichwa na ndevu. Ikizima, unakaa wewe, na mama Kunegunda ndiye atakayeshika wembe.