Mbege ya Mchungwa

Mpwa wangu Eliapenda,

Salaam kutoka Muheza. Mjomba wako ni mzima, hata joto la huku linaniogopa.

Unajua huko kwetu mlimani hakuna ulimi wa kuonja mbege, pombe yetu ya ndizi, unaoupita wangu. Jana Mama Ndeshi, dada wa kwetu aliyeolewa huku, kaniletea kata. Nikamwambia mbele ya wageni, "Pwani hakuna gome la msesewe, uchungu wa mbege utautoa wapi? Hii ikiwa pombe, naosha mitungi yako yote!"

"Kaka, kunywa kwanza."

Kumbe amebanika vijiti vya mchungwa motoni mpaka vikawa rangi ya kahawa, akavilaza mtungini. Mpwa wangu! Niliimaliza kata nzima, mimi! Uchungu upo, moshi upo, halafu ua la mchungwa likanichanulia kooni. Nyuki wa Muheza nzima wakatua ndevuni mwangu.

Wageni wakapiga kelele, "Mzee, mitungi hiyo!"

Nimeiosha yote, kila mmoja nikiulamba kwanza. Mwambie mama yako pombe ya harusi yako asiitie gome. Nakuja na gogo la mchungwa begani.

Mungu awatunze wewe na mchumba wako.

Mjomba wako, muosha mitungi,
Ndekirwa