Mahali na Mahari

Kariakoo, Jumamosi, masika ya 1932

Mvua tangu alfajiri. Jangwani hapapitiki, na wateja wangu wa Magomeni hawakufika. Nimeshinda na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Mhindi, nikamaliza kanzu moja tu, nayo ni ya Yeremia.

Namwonea wivu Yeremia. Naandika hivyo hivyo, bila kulipamba.

Kesho Askofu anakuja kanisani kwetu, na Mwalimu wa kanisa amemchagua Yeremia asome somo. Si mimi. Mimi niliyebatizwa hapa hapa mjini, niliyesoma skuli ya misheni, ninayefungua madirisha ya kanisa kila Jumapili kabla mtu mwingine hajafika. Yeremia kaja juzi juzi tu kutoka Musoma, anabeba mizigo stesheni ya reli, na sauti yake, lazima niseme, ni nzuri kuliko yangu. Nzito, imetulia. Akiitikia amina, hata watoto wananyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Asubuhi mke wangu aliniona ninavyoikanyaga cherehani. Akasema, "Baba Eliza, hiyo kanzu unaishona au unaipiga?" Nikamwambia uzi ni mbovu.

Alasiri Yeremia akaja kuijaribu. Ilimkaa vizuri, na hilo nalo likanikera, maana ni kazi ya mikono yangu mwenyewe. Kisha akatoa kitabu kwapani.

"Ndugu Daudi, Kiswahiri ni chako. Nisikirize, nikikosea unirekebishe."

Akasoma. Ulimi wake haujui kutenga L na R. Maneno mengi hayadhuru, mtu ataelewa. Lakini somo la kesho ni lile la Bwana kutuandalia mahali mbinguni, na Yeremia akasoma mahari. Kwa kinywa chake Bwana alikuwa anakwenda mbinguni kushughulikia posa! Nikaiona kesho yote mbele yangu: akina mama wa viti vya nyuma wanabana vicheko kwa ncha za kanga, Askofu anamtazama Mwalimu, Mwalimu anatazama sakafu. Na safari nyingine wangemchagua nani?

Alipomaliza akauliza, "Nimekosea wapi?"

Nikasema, "Hukukosea. Umesoma vizuri."

Basi.

Alinishukuru kwa mikono miwili, akaondoka na kanzu yake ameifunga ndani ya gunia isilowe.

Mwalimu hutuambia kwamba tabia ya Mkristo haijengwi kanisani, inajengwa dukani, jikoni, kwenye bomba la maji. Siku zote nilikuwa naitikia kwa kichwa, nikidhani anawasema wengine. Leo nikakaa nipinde suruali ya mtu, pindo likaenda upande. Nikajitetea kwamba mimi si mwalimu wake. Nikajitetea tena kwamba huenda watu hawatasikia. Watasikia. Watu wa mji huu wanasikia kosa la Kiswahili hata wakiwa usingizini.

Nikajifunika gunia kichwani, nikamfuata Yeremia mtaa wa Mchafukoge, anakopanga chumba.

Nikamwambia kweli: nilikudanganya, kuna neno moja. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu kwangu. Tukalirudia neno. Mahari. Mahari. Weka ulimi juu, nyuma ya meno, nikamwambia, kama unambembeleza mtoto alale. "Arare," akasema. Tukacheka wote wawili, na kwa kitambo kidogo nilimpenda kweli. Mara moja neno lilitoka sawasawa, kisha likapotea tena.

Akafunga kitabu. "Ndugu, basi somo risome wewe. Mwarimu nitamwambia mwenyewe."

Mate yakanijaa kinywani. Kitu nilichokitaka tangu Mwalimu atangaze, nimewekewa mkononi, tena na mwenyewe, tena kwa moyo mweupe. Nikasema, "Hapana. Umechaguliwa wewe." Lakini nilisema taratibu mno, kama ninavyomtajia mteja bei ninayojua ataipunguza. Nikasubiri anisihi mara ya pili.

Hakunisihi. Alisema ahsante, akafungua kitabu, akaendelea na mahari yake.

Nimerudi nimelowa chapachapa, na wivu nimerudi nao. Nilidhani nikitenda jema utaondoka wenyewe. Umekaa pale pale, sasa unaniambia kwamba mjinga ni mimi niliyesema hapana. Mke wangu ameniwekea chai ya tangawizi.

Yeremia ameniomba nikae benchi la mbele kesho, ili akilifikia lile neno anitazame ulimi. Nimekubali. Nitauweka juu, nyuma ya meno, Askofu ataona na afikirie anavyotaka. Mdomo wangu utamsaidia, hilo najua. Lakini moyoni, atakaponitazama, nitakuwa naomba aliseme sawa, au nitakuwa naomba akosee?