Masale Yangu Katikati ya Uwanja

Mpenzi Neema,

Marahaba, mwanangu. Huku Kibosho tuko wazima. Mdogo wako ameanza kuota meno, ananing'ata kama nimemkosea.

Unaniuliza kama uyang'oe masale niliyokupa, eti yanarefuka tu, hayatoi maua. Neema, utanitoa roho! Umeyapanda juzi tu!

Mimi mtoto wa kambi ya miwa, nilipoolewa huku nilipenda maua ya masale yanavyonukia jioni. Nikapanda mstari mzuri kati ya nyumba yetu na ya shemeji, kaka wa mume wangu. Nani aliniambia kuwa huku masale ndiyo mpaka wa shamba, na yakishapandwa hayang'olewi?

Shemeji akaja anafoka. "Shemeji, nani amekukatia kihamba, shamba la baba yetu?"

"Ni maua tu, shemeji!"

"Maua gani yanapangwa mstari?"

Akaacha kutusalimia. Mume wangu naye akaninunia, na mimi hata mwaka sijamaliza pale. Nililia, halafu nikachoka kulia.

Mama mkwe akakata jani moja, akalifunga fundo. "Mpelekee. Anayeletewa sale hakatai kusamehe."

Nikalipeleka. Shemeji akaligeuza. "Umelichuma wapi?"

"Kwenye ule mstari."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mpaka wako ndio unaniomba msamaha!"

Mstari bado upo. Ulichelewa sana kutoa maua, na sasa shemeji ndiye anayeupalilia, mimi akinikataza kugusa.

Basi na wewe usiguse.

Mama yako mdogo, anayekupenda hata ukimchosha.